Sadaka ya Kampuni na Mshahara wa Kibarua



Iko picha moja ambayo tumeizoea mno katika magazeti hata haitushtui tena. Meneja wa kampuni amesimama upande mmoja, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi upande wa pili, na katikati yao wameshika hundi ya mfano iliyo kubwa kuliko dirisha la zahanati. Nyuma yao yamepangwa madawati, au mabati, au mifuko ya saruji. Chini ya picha pameandikwa kwamba kampuni hiyo imerudisha sehemu ya faida yake kwa jamii. Wataalamu huliita jambo hili uwajibikaji wa makampuni kwa jamii, na siku hizi ni vigumu kuikuta kampuni kubwa isiyotenga kurasa kadhaa za kulieleza katika taarifa yake ya mwaka.

Hatuna ugomvi na madawati. Mtoto aliyekuwa akiandika juu ya magoti yake amepata mahali pa kuegemeza daftari, na kwa hilo twamshukuru Mungu, twamshukuru na aliyetoa. Ugomvi wetu unamhusu mtu ambaye hayumo katika picha, yaani yule aliyeyashusha madawati hayo kutoka kwenye lori. Huyo ni mtumishi wa kampuni hiyohiyo. Huu ni mwaka wake wa sita hapo, analipwa kwa siku, hana mkataba, hana likizo, na akiugua siku tatu hurudi akakuta mwingine amewekwa mahali pake. Je, huyu si jamii? Watoto wake hawaketi juu ya madawati yale?

Sisi tunashikilia, na tutalisema bila kuzungukazunguka, kwamba kampuni isiyomtendea haki mfanyakazi wake haina uwajibikaji wowote kwa jamii, hata ikijenga zahanati kumi. Mahali pa kuupima uwajibikaji huo ni katika ofisi ya utumishi: katika mikataba, orodha ya malipo, saa za zamu, na stakabadhi za mfuko wa hifadhi ya jamii. Kinachotolewa nje ya lango baada ya hayo kutimizwa ni ukarimu. Kinachotolewa ili hayo yasitazamwe kina jina jingine, nasi tutalifikia.

Inafaa kujua kwamba utengano huu kati ya jamii na mfanyakazi haukukusudiwa na wote waliolifikiri jambo hili. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya ilipotoa andiko lake la kuanzisha mjadala juu ya uwajibikaji wa makampuni, iligawa suala hilo katika sehemu ya ndani na sehemu ya nje, na katika sehemu ya ndani jambo lililotajwa kwanza kabisa lilikuwa usimamizi wa wafanyakazi, likifuatiwa na afya na usalama kazini. India nayo, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013, iliyataka makampuni makubwa yatumie kwa ajili ya jamii walau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Lakini kanuni zake zikakataa kuhesabu shughuli zinazowanufaisha wafanyakazi wa kampuni na familia zao peke yao. Wako walioilaumu India kwa kuwasahau wafanyakazi. Sisi twaona kinyume chake. Kanuni hiyo inamwambia mwajiri kwamba anachompa mtu wake ni deni lake la kila siku, kwa hiyo asije akaliandika kama zawadi.

Kwetu Tanzania marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalimtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali pale. Ni hatua njema, maana vijiji vingi vilikuwa vimebaki na mashimo na vumbi. Hata hivyo katika mikutano ya namna hiyo hujadiliwa barabara, visima na madarasa, na mara chache mtu husimama kuuliza wale wanaoshuka shimoni wanalala wapi.

Wako waliowahi kuahidiwa jibu la swali hilo, nalo ahadi ilikuwa ya maandishi. Hebu tuende Marikana, karibu na mji wa Rustenburg, Afrika ya Kusini. Sheria ya madini ya nchi ile, ya mwaka 2002, haikutenganisha jamii na mfanyakazi. Kila mwenye kutaka haki ya kuchimba alipaswa kuwasilisha mpango mmoja wenye mambo yote mawili, jamii na kazi. Kampuni ya Lonmin, iliyochimba platini mahali hapo, iliahidi katika mpango wake kwamba kufikia mwaka 2011 ingekuwa imejenga nyumba 5,500 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mwaka 2007 Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, liliweka mtaji wa dola milioni 50 katika kampuni hiyo na kuahidi mkopo wa hadi dola milioni 100, na sehemu ya sababu zilizotajwa ilikuwa maendeleo ya jamii iliyouzunguka mgodi. Taarifa za maendeleo endelevu zilichapishwa kwa karatasi nzuri. Na nyumba? Zilijengwa tatu. Hatukukosea sifuri, ndugu msomaji. Tatu, nazo zilikuwa za maonyesho.

Wachimbaji wengi, watu waliotoka Rasi ya Mashariki na Lesotho, walipokea posho ya kujitafutia makazi, wakajenga vibanda vya mabati katika mtaa wa Nkaneng, usiokuwa na maji ya kutosha wala mifereji, chini ya kivuli cha mitambo ya mgodi. Posho hiyo ilibidi igawanywe kati ya kibanda, chakula, na familia iliyobaki kijijini. Mnamo Agosti 2012 waendesha mashine za kutoboa miamba wakagoma wakitaka mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Hatuwatakasi wote waliokuwamo katika mgomo ule. Kabla ya siku ile kuu watu 10 walikuwa wamekwisha kuuawa, wakiwamo askari polisi wawili na walinzi wawili wa kampuni. Lakini ombi la waliokusanyika kilimani lilikuwa dogo mno: uongozi uje, uzungumze nao. Tarehe 16 Agosti Askofu Johannes Seoka wa Kanisa la Anglikana, jimbo la Pretoria, alikwenda pale kilimani, akawasikiliza, akalipeleka ombi lao kwa wakubwa. Uongozi haukwenda. Alasiri ile polisi waliua wachimbaji 34.

Tume ya Jaji Ian Farlam, ambayo taarifa yake ilitangazwa Juni 2015, iliitaja ahadi ile ya nyumba. Kampuni ilijitetea kwa msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na kwa kusema kwamba wafanyakazi hawakuwa tayari kuzinunua nyumba. Tume haikuridhika na utetezi huo. Iliona kwamba kushindwa kutimiza wajibu wa makazi kulijenga mazingira ya mvutano na machafuko kazini. Tena liko jambo moja ambalo kila mhasibu anapaswa kulitafakari: tarehe 18 Septemba 2012, majuma machache baada ya mazishi, kampuni ilikubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 11 na 22, pamoja na malipo ya randi 2,000 kwa kila atakayerudi kazini. Fedha ile ilitoka wapi, ikiwa mwezi uliotangulia haikuwapo?

Mwezi huohuo wa Septemba 2012, tarehe 11, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, kiliwaka moto. Watu zaidi ya 250 walikufa. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Mwaka 2020 mahakama ya Pakistani iliamua kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi na wahalifu, nasi hatuna sababu ya kubishana nayo. Lakini mhalifu hakuweka nondo zile madirishani. Na jambo la kusikitisha kuliko yote ni kwamba mwezi mmoja kabla, Agosti, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, ambacho ni cheti cha kimataifa cha kuthibitisha hasa hali njema ya wafanyakazi! Mkaguzi alipita, akaona makaratasi yakiwa safi, akatia sahihi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunachodai ni kuongeza tu sura ya pili katika taarifa ya mwaka, yenye kichwa cha maneno "Watu Wetu" na picha za watu wanaotabasamu wakiwa na kofia ngumu.

Turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwashutumu walio mbali.

Katika makampuni mengi fedha za msaada kwa jamii haziamuliwi na wale wanaowajua wafanyakazi. Huamuliwa katika idara ya mawasiliano na masoko, ambako swali la kwanza ni nani atakayealikwa kuwa mgeni rasmi, na la pili ni waandishi watafika saa ngapi. Afisa utumishi huitwa mwishoni, aambiwe atoe watu 30 wa kwenda kupanda miti siku ya Jumamosi wakiwa wamevaa fulana za kampuni. Watu hao huitwa waliojitolea. Atakayekosa, Jumatatu ataulizwa alikuwa wapi. Twawahurumia maafisa utumishi, kwa kuwa wengi wao ni waumini wema waliojikuta na kalamu mbili, moja ya kuandika sera nzuri na nyingine ya kuandika barua za kuachisha kazi, na hawaamui ni ipi itakayotumika lini. Vitabu vya menejimenti navyo huwafundisha kwamba kampuni yenye sifa ya kusaidia jamii huwavutia waombaji kazi walio bora na huwafanya wasiondoke. Yawezekana. Lakini hapo mfanyakazi amegeuzwa kuwa mtazamaji wa tangazo, wakati yeye ndiye anayedai.

Hata jina la ofisi limebadilika. Zamani iliitwa Utumishi, neno lenye mtu ndani yake. Sasa inaitwa Rasilimali Watu, na rasilimali kwetu ni madini, misitu na samaki: huchimbwa, huvunwa, hutumika mpaka ikaisha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ndiye mtenda kazi na ndiye shabaha ya kazi, na kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji. Hatutegemei mtu abadilishe kibao cha mlangoni kwa ajili yetu. Ila afahamu anachokisema.

Katika parokia yetu lilitokea jambo ambalo limekuwa likitukereketa. Kampuni moja ya hapa jirani ilileta magunia ya unga kwa ajili ya kaya maskini, nayo yakakabidhiwa Wavinsenti wayagawe. Wavinsenti, kama ilivyo desturi yao, walipita nyumba kwa nyumba wakiongozwa na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wakaandika majina. Orodha iliporudi ilionekana kwamba wakuu wa kaya kadhaa zilizoandikwa walikuwa na kazi. Walikuwa walinzi, wafagiaji na wapakiaji wa kampuni ileile iliyoleta unga. Mmoja wao alikuwa akikatwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii kila mwezi, na alipokwenda kuulizia michango yake alikuta haijapelekwa kwa muda mrefu. Tuliiandikia kampuni barua ya heshima. Jibu lilitoka kwa afisa wa mawasiliano, akituuliza ni siku gani itafaa kwa kupiga picha za ugawaji.

Basi tuliite jambo kwa jina lake. Sheria yetu inataka mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ile nusu iliyokatwa imekwisha kuwa mali ya mfanyakazi. Mwajiri anayeikata na kuikalia ameiba. Akinunua unga kwa fedha hiyo na kumletea aliyeibiwa, amemfanya apige magoti kushukuru kwa kilicho chake. Tena msaada kwa taasisi za hisani na miradi ya jamii una nafuu ya kodi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliruhusu mtoaji auondoe katika mapato yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha asilimia 2. Aliyeibiwa hana nafuu yoyote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliliona jambo hili tangu mwaka 1965. Katika hati yake juu ya utume wa walei, kifungu cha 8, Mababa wa Mtaguso walionya kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, kisiwe kinachodaiwa kwa haki kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya mapendo. Waliojifunza katekisimu wanakumbuka pia kwamba miongoni mwa dhambi zinazolia mpaka mbinguni imo ile ya kuwadhulumu wafanyakazi ujira wao. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anaupa ujira uliozuiliwa sauti yake wenyewe. Ujira huo unalia shambani hata kama wavunaji wamenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba kibarua alikubali mwenyewe, na kwamba nje ya lango wamesimama wengine 50 wanaoomba nafasi yake. Hoja hii ni ya kale kuliko viwanda vyetu, na Baba Mtakatifu Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum: mtu anayekubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, hakukubali kwa hiari, amelazimishwa. Papa wa sasa, Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba alichagua jina hilo kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya waraka huo. Swali la wafanyakazi halijazeeka.

Tutaambiwa pia kwamba kampuni ndogo haziwezi kulipa kama kubwa. Hilo ni kweli, nasi hatudai zilipe sawa. Lakini mkataba wa maandishi hauhitaji mtaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84. Ni kima cha chini kilichowekwa na nchi maskini ikiijua hali yake. Kampuni inayoweza kukodi mahema, viti na mpiga ngoma kwa ajili ya kukabidhi ndoo 20 za kunawia mikono haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kumpa mama aliyejifungua siku zake.

Na wengine, hasa waamini wenzetu, watasema: Padri, usiwafukuze wafadhili, paa la kanisa linavuja. Ndiyo, linavuja. Hapa sharti tuongee na nyumba yetu wenyewe, maana Kanisa nalo ni mwajiri. Lina walimu, wauguzi, wapishi, madereva na walinzi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki ulimwenguni, ilitamka kwamba anayethubutu kuwasemea watu juu ya haki lazima yeye kwanza aonekane mwenye haki machoni pao, nayo ikataja waziwazi ujira wa wanaolitumikia Kanisa. Mwalimu wa shule ya misheni haambiwi kwamba mshahara wake utalipwa mbinguni. Mpishi wa nyumba ya mapadri si mtawa. Hakuweka nadhiri ya ufukara. Kwa sababu hiyo mikataba ya watumishi wote wa parokia yetu imewekwa mbele ya Halmashauri Walei, pamoja na stakabadhi za michango yao, na mjumbe yeyote anaweza kuiomba na kuisoma.

Halmashauri hiyohiyo imekubaliana juu ya utaratibu wa misaada, nao umeanza kutumika. Kampuni itakayopenda kuisaidia parokia, shule yake au zahanati yake, itakaribishwa kwa chai na kuombwa karatasi tatu kabla ya siku ya makabidhiano kupangwa: stakabadhi za NSSF za miezi 12 iliyopita, uthibitisho kwamba imesajiliwa na kuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na nakala ya mkataba unaotolewa kwa mtumishi wake wa ngazi ya chini kabisa, jina likiwa limefutwa. Kampuni isiyokuwa nazo haitatangazwa wala kuaibishwa. Itaombwa itumie fedha ya mabati kumaliza kwanza deni la watu wake, nasi tutaendelea kutega ndoo chini ya paa mpaka itakaporudi.

Karatasi hizo zipelekwe kwa katibu wa parokia, Jumanne hadi Ijumaa, kabla ya saa nane mchana. Mpiga picha si lazima aje.